Pongo na nsya bustanini: uzio kwanza, harufu baadaye, sumu ikae mbali

 

Kila bustani za kiangazi zinapoanza, kuna swali linalonifikia mara nyingi kuliko hata lile la kantangaze kwenye nyanya: "Afisa, nimpulizie nini pongo asile mboga zangu?" Wengine wanataja nsya, wengine wanasema "swala wadogo". Wanaouliza wana haki ya kuuliza. Umelima kinyungu, umebeba maji, chainizi imeanza kujaza kikapu, halafu asubuhi unakuta vijiti vitupu.

Leo nitatoa maoni yangu wazi, na najua si wote mtakaoyapenda. Swali la "nimpulizie nini" limeanzia mwisho. Kinachozuia mnyama ni uzio na ukingo wa bustani. Harufu ya pilipili, mayai au kitunguu saumu ni msaidizi wa uzio, haiwezi kuwa uzio. Anayeanza na harufu hushindwa, akishindwa hukasirika, na akikasirika huishia kwenye sumu au mtego wa waya. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu hasara yake ni kubwa kuliko fungu la mboga.

WANYAMA WETU SI WALE WA KWENYE VIDEO

Siku hizi kila kijiji kina simu, na kwenye simu kuna video za bustani za Marekani na Ulaya. Wanaonyesha mnyama anafukuzwa kwa kipande cha sabuni, nywele za saluni, machicha ya kahawa au mayai yaliyooza. Ushauri huo si uongo wote, ila ulitolewa kwa mnyama mwingine.

Yule wa kwao ana pembe zenye matawi, na pembe hizo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Katika Afrika anapatikana kwa asili kule kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hayupo. Tulio nao ni pongo, ambaye wengine mnamwita mbawala, pamoja na nsya, funo, na kule kwenye misitu ya milimani, mindi. Pembe za hawa ni za maisha, hazidondoki.

Tofauti hiyo inagusa mfuko wako. Mnyama wa Marekani anasifika kwa kuruka, ndiyo maana wao hushauriana kujenga uzio wa karibu mita 2.4 kwenda juu. Nsya na funo tabia yao ni kuinama na kupenya. Watu wa Afrika Kusini waliwaita wanyama wa jamii hiyo "duiker", maana yake mpiga mbizi, kwa jinsi wanavyojichimbia vichakani wakishtuka. Kwa hiyo mkulima wa Mufindi anayejenga uzio mrefu wenye matundu chini amewajengea nsya lango. Pongo yeye anaweza kuruka vizuri, lakini naye akiona tundu hupita tundu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba pongo hutembea peke yake zaidi, hupenda kichaka kizito, na haendi mbali na makazi yake. Anayekula bustani yako leo kuna uwezekano mkubwa ndiye aliyekula juzi, na ndiye atakayerudi kesho. Maana yake ni hii: siku chache za mwanzo ndizo muhimu. Akila mara tatu bila kusumbuliwa, bustani yako imeingia kwenye njia yake ya kila usiku, na kumtoa ni kazi.

JUA KWANZA NI NANI AMEKULA

Kabla hujanunua chochote, inama uangalie.

Pongo, nsya na funo hawana meno ya mbele ya juu, kama mbuzi na ng'ombe. Hawakati jani, wanalivuta na kulichana. Ukikuta jani au ncha ya mche imechanika na kuacha nyuzi, ni mmoja wa hao. Tafuta pia kwato zenye ncha mbili na kinyesi cha vidonge.

Sungura pori ana meno juu na chini. Yeye hukata mche kwa mshazari, safi kama umepita wembe, na hukata chini chini.

Nguruwe pori hufukua. Viazi vimepinduliwa, udongo umechimbwa, mahindi yamelazwa. Nungunungu naye hupenda viazi, mihogo na mizizi, na mara nyingine huacha mwiba kama risiti.

Ngedere na nyani huvunja, huonja na kutupa. Ukikuta mahindi mabichi yameng'atwa mara moja na kuachwa chini, usiulize zaidi.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu nyani na ngedere huja mchana, pongo na nsya huja jioni, usiku na alfajiri, na nguruwe huja usiku. Mlinzi anayekaa shambani saa nne asubuhi kumsubiri pongo anapoteza siku. Na uzio unaomzuia nsya haumzuii ngedere hata kidogo. Ngedere dawa yake ni macho ya mtu na mbwa, mchana.

UZIO: ANGALIA CHINI KULIKO JUU

Mkoa wa Iringa una mianzi ya ulanzi. Mianzi hiyo hiyo ambayo mnaitumia kwa pombe na kusukia matenga ya nyanya ndiyo fito za uzio. Mbeya na Rungwe nako mianzi ipo, na mabondeni kuna matete. Kwa bustani ya mboga hakuna sababu ya kusubiri seng'enge.

Uzio mzuri wa pongo na nsya una mambo manne:

1. Urefu wa mita 1.5 hadi 1.8 unatosha kwa bustani ndogo.

2. Fito zibanane. Nafasi kati ya fito na fito isizidi upana wa kiganja, hasa nusu mita ya chini.

3. Chini kusiwe na mwanya. Laza mti au panga mawe kwenye msingi, funga fito ya kulala kwa kamba ya katani, kisha ipigie vigingi. Nguruwe pori husukuma kwa pua. Fito ambayo haikufungwa chini ataiinua.

4. Asione ndani. Mnyama husita kuruka mahali asipoona atakapotua. Uzio wa matete yaliyobanana wenye mita 1.5 unaweza kukusaidia kuliko seng'enge nyuzi nne zinazoonyesha kabichi zote.

Baada ya kujenga, zunguka kila jioni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye uzio msemo huo si mafumbo: tundu moja la leo kesho ni njia.

Sasa tupige hesabu, maana wengi husema "uzio ni ghali" bila kupiga. Bustani ya mita 20 kwa 20 ina mzunguko wa mita 80. Ukitaka uzio wa kudumu, panda michongoma mistari miwili ya kupishana, mche kila sentimita 40. Hiyo ni miche 200 kwa mstari, jumla 400. Mbegu za michongoma unaweza kukusanya mwenyewe kwenye matunda yaliyoiva na kuotesha kitaluni. Itachukua miaka miwili hadi mitatu kufunga, na lazima uipunguze juu ili itoe matawi chini. Katika muda huo uzio wa fito ukulinde upande wa ndani. Minyaa naijua, inaota haraka, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, na bustani nyingi wanaochota mboga ni watoto. Mimi siishauri karibu na nyumba.

Kwa wenye parachichi hesabu ni tofauti, na hapa watu wanapoteza pesa. Miche ya parachichi Rungwe, Mufindi na kwingineko inaliwa ncha ikiwa midogo, na mche ulioliwa ncha mara mbili unachelewa au unakufa. Ekari moja ukipanda mita 7 kwa 7 inachukua miche kama 82. Mzunguko wa ekari ya mraba ni kama mita 254. Ukizungushia fito kila sentimita 10, unahitaji zaidi ya fito 2,500. Lakini ukiweka kizimba kwenye kila mche, fito nne za mita 1.5 na kuzungushia matete au wavu chakavu, unahitaji fito 328. Mti ukishapita kimo cha mdomo wa pongo unatoa kizimba na kukipeleka kwenye mche mwingine. Linda mche, usilinde ekari.

UKINGO: USIMPE MAFICHO, USIMWEKEE MEZA MLANGONI

Pongo hapendi kutembea mahali peupe. Kama kichaka kimegusa uzio wako, unamsogezea kochi. Fyeka ukanda wa mita tano kuzunguka bustani, ndani ya eneo lako. Nimesema ndani ya eneo lako: msitu wa hifadhi wa TFS au wa kijiji hauguswi kwa kisingizio cha pongo. Na wale wenye vinyungu mkumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Nazungumza na mwenye kinyungu kilicho nje ya hapo.

Halafu angalia ulichopanda pembeni. Wengi huweka maharage, njegere na majani ya maboga mstari wa mwisho, karibu na msitu, kwa sababu "huko ndiko nafasi ilipobaki". Hivyo ndivyo vitamu kuliko vyote. Geuza. Pembeni weka vitunguu, vitunguu saumu, pilipili kichaa au tangawizi. Vitamu viingie katikati na karibu na nyumba. Mnyama mwenye njaa kali anaweza kupita hata kwenye vitunguu, lakini umempunguzia sababu ya kusimama mlangoni.

Wenye chai wana bahati ambayo hawaihesabu. Pongo hafuati chai kama anavyofuata maharage. Kenya walianzisha ukanda wa chai wa Nyayo mwaka 1986 kuzunguka misitu ya serikali, kwa lengo la kutenganisha msitu na mashamba. Kama una chai Mufindi au Rungwe na kipande cha mboga, usiweke mboga upande wa msitu na chai upande wa barabara. Ifanye chai iwe ukuta wako.

HARUFU: INANUNUA MUDA

Sasa ndiyo tunafika kwenye kupulizia. Harufu na ukali vinasaidia kwa sababu mnyama anayeliwa huogopa kitu kipya na kitu kinachonuka kuoza. Kati ya vyote vya video, mayai yaliyooza ndiyo yenye sifa ya kuaminika zaidi. Njia rahisi ya nyumbani ni hii:

Chukua mayai viza matano, konzi moja ya pilipili kichaa zilizotwangwa, kitunguu saumu kimoja kizima kilichopondwa, na lita tano za maji. Funika kwenye dumu siku mbili, mbali na nyumba. Chuja kwa kitambaa, kisha kwangulia kipande kidogo cha sabuni ya mche ili dawa ishike. Vaa kitambaa usoni na usiguse macho.

Chovya vitambaa vikuukuu na uvifunge kwenye uzio kila hatua mbili, kimo cha goti hadi kiuno, maana hapo ndipo pua ya mnyama ilipo. Unaweza kupulizia majani ya miche ya parachichi ambayo haijaanza kuzaa. Usipulizie mayai yaliyooza, wala mkojo, wala samadi mbichi, kwenye mchicha, chainizi, saladi au mboga yoyote itakayoliwa. Utamfukuza pongo na kuyakaribisha maradhi ya tumbo nyumbani kwako au kwa mteja wako.

Harufu ina mipaka mitatu.

Kwanza, mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukipaka leo, mvua ya jioni inaosha, na utarudia mpaka uchoke. Kwenye vinyungu vya kiangazi vya Kilolo au Mufindi, kuanzia Juni hadi Oktoba, harufu inadumu zaidi, na bahati nzuri hicho ndicho kipindi ambacho porini pamekauka na mboga yako ndiyo kijani pekee. Hata hivyo rudia kila wiki.

Pili, mazoea. Mnyama akigundua kitambaa hakimng'ati, anazoea. Badilisha. Wiki mbili mayai, wiki mbili moshi wa samadi na pilipili, wiki mbili makopo yanayogongana kwenye kamba, kisha rudi kwenye mayai. Sanamu ya mtu nayo ihamishwe kila baada ya siku mbili na ibadilishwe nguo. Sanamu iliyosimama mwezi mzima mahali pamoja ni mti kama miti mingine.

Tatu, si kila dawa ya asili ni ya mnyama. Mwarobaini ni mzuri kwa wadudu, na unastawi kwenye joto la Pawaga au Mbarali kuliko baridi ya milimani, lakini usitegemee umzuie pongo. Nywele na sabuni ni dhaifu. Na kinyesi cha simba au chui usikifuate hifadhini. Utakamatwa kwa sababu ya mavi.

Mnaopakana na Hifadhi ya Ruaha, Idodi na Pawaga, shida yenu kubwa ni tembo, na tembo ni somo jingine. Kwake uzio wa kamba yenye vitambaa vya pilipili na oili chafu, au wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, umetumika katika nchi kadhaa za Afrika, na mizinga imetumika pia ukingoni mwa Hifadhi ya Udzungwa upande wa Kilombero. Lakini msichanganye mambo. Nyuki wanaomtisha tembo hawamshughulishi nsya anayepita usiku chini ya mzinga. Na oili chafu isiingie kwenye bustani ya mboga, inaharibu udongo.

SUMU NA WAYA

Hapa ndipo nina ugomvi, na sitazungukazunguka.

Kuna watu wanaloweka ndizi mbivu au mahindi kwenye kiuatilifu na kuyaacha pembeni mwa shamba. Wengine wanatega waya wa breki ya baiskeli kwenye tundu la uzio. Wanasema ni njia ya mkato, na kwamba kinachokufa ni mali ya serikali.

Sumu haijui jina la mnyama. Itamuua mbwa wako anayekulindia. Itamuua kuku wa jirani. Tumbusi wanaokula mzoga nao watakufa, mzoga mmoja ukichukua ndege wengi, na tumbusi ndio wanaosafisha mizoga bila kutulipisha. Baya kuliko yote, katika vijiji vyetu nyama haitupwi. Pongo aliyekula sumu akienda kufia mita mia mbili mbele, atakayemwokota hajui amekufa na nini. Ile nyama inaweza kupikwa usiku huohuo kwenye nyumba yenye watoto. Je, fungu la chainizi linafikia thamani hiyo?

Waya nao haujui jina. Unamkamata mbuzi, unamkamata mbwa, unamkamata mtoto aliyefuata kuni. Na kwenye misitu ya Rungwe, Kitulo na Udzungwa unamkamata mindi. Mindi ni mnyama wa Tanzania peke yake, hayupo nchi nyingine yoyote duniani, na yuko kwenye hatari ya kutoweka. Misitu hiyo hiyo ndiyo ya kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2005 tu, ingawa wazee wa Rungwe walikuwa na jina lake siku nyingi.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na sumu na mitego ya waya ni njia haramu. Mkulima aliyeliwa mboga ana kesi ya kulalamika. Mkulima aliyekutwa na waya ana kesi ya kujibu. Usibadilishe upande kwa hasira.

Najua jibu lenu: "Wanyama ni wa serikali, basi serikali ilipe." Madai hayo yana ukweli ndani yake, na mimi mtumishi wa serikali siogopi kusema kwamba mkulima anayeishi pembeni mwa hifadhi anabeba mzigo ambao mtu wa mjini haubebi. Kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Lakini kifuta jasho si fidia ya hasara yako yote, na kanuni hizo zinahusu wanyama wakali na waharibifu kama tembo, nyati, kiboko na simba. Tembo akiingia, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji mara moja ili afisa wanyamapori aje kupima uharibifu kabla haujafutika. Kwa pongo aliyekula mchicha, ukisubiri kifuta jasho utasubiri mpaka msimu uishe. Kinachokupa mboga msimu huu ni uzio.

NENO KWA WENYE MADUKA NA WACHUUZI

Ndugu zangu wa maduka ya pembejeo na magulio, nanyi mko ndani ya habari hii. Mteja akisema "nipe kitu cha kumalizia nyani", jibu lako linaweza kuokoa au kuua. Kibandiko cha kiuatilifu kinataja zao na mdudu au ugonjwa. Hakuna kibandiko kinachokuambia uloweke ndizi. Na kumpimia mtu sumu kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko ni kosa mbele ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ni hatari kwa watoto wanaojua chupa ile ni ya soda.

Lakini sitaki kukunyima biashara, nataka uone biashara nyingine. Mkulima anayejenga uzio ananunua kamba ya katani, wavu, misumari, fito na tochi ya sola. Anahitaji miche ya michongoma, ambayo kikundi cha vijana kinaweza kuotesha. Mayai viza yanayotupwa na wafugaji wa kuku yanatumika. Pilipili kichaa ya daraja la chini isiyopata soko inatumika. Mteja wa sumu akishalala lockup harudi dukani. Mteja wa uzio atarudi kila msimu kununua mbegu, kwa sababu amevuna.

UZIO WA MTU MMOJA UNAMHAMISHIA JIRANI

Jambo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu halihitaji pesa, linahitaji kusikilizana.

Ukijenga uzio mzuri peke yako, pongo hafi njaa. Anahamia kwa mama wa jirani ambaye hana nguvu ya kukata mianzi. Yeye akishindwa, ndiye atakayeshawishika kununua sumu, na sumu hiyo itamuua mbwa wako. Ndiyo maana nasema suala hili si la bustani moja, ni la kitongoji.

Vinyungu vingi viko mstari mmoja bondeni. Badala ya kila mtu kuzungushia kipande chake pande nne, zungushieni bonde lote pamoja. Bustani kumi za mita 20 kwa 20 zilizopangana mstari, kila mmoja akijenga peke yake, ni mita 800 za uzio. Zikizungushiwa pamoja, mita 200 kwa 20, ni mita 440. Mmeokoa karibu nusu ya fito na nusu ya kazi. Migowi mnaijua, mlilimiana na wazee wenu hivyo. Pangeni siku mbili, mwenye mianzi atoe mianzi, asiye nayo atoe nguvu au chakula.

Kisha wekeni zamu. Watu wawili kwa usiku, tochi na makopo, hasa wiki mbili za kwanza baada ya miche kushika na wiki ya kuvuna. Mbwa wa kulinda achanjwe kichaa cha mbwa, na afungwe shambani. Mbwa wa kuwindia si mbwa wa kulinda. Pelekeni makubaliano kwenye mkutano wa kijiji ili mtu atakayetega waya au kuweka sumu ajue anavunja neno la wote, si la afisa ugani.

Kama hujui uanzie wapi, anza na haya wiki hii. Leo jioni angalia jani lililoliwa, limechanika au limekatwa? Kesho zunguka bustani na uzibe kila tundu la chini. Keshokutwa fyeka ukanda wa mita tano. Jumamosi keti na majirani wa bonde lako mpige hesabu ya fito. Dumu la mayai viza liwe la mwisho, baada ya hayo yote.

Atakayefanya hivyo na bado akaona mnyama anaingia, anitafute ofisini kata au aje na jani lenyewe. Tutakwenda shambani pamoja tuangalie tundu liko wapi, maana mara nyingi lipo.

Nawatakia kiangazi chenye mboga.